Mbwa wa Lori: Abiria Asiye na Cheti

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hakuna reli. Reli ya mkulima ni lori. Kahawa, ndizi na maharage hutoka vilimani kwa lori. Saruji, mabati, chumvi na sabuni huingia kwa lori. Lami itokayo Kyaka hufika Bugene, jirani na Kayanga, makao makuu ya Karagwe. Hapo Omurushaka safari hugawanyika. Wako waendao Kyerwa, wilaya iliyozaliwa kutokana na Karagwe mwaka 2012, hadi Murongo kwenye mpaka wa Uganda. Wako washikao njia ya kusini kukata pori la Kimisi, wakaikute barabara kuu itokayo Rusumo, kisha Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro na hatimaye Dar es Salaam. Ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja.

Leo tunapenda kuzungumzia abiria mmoja wa safari hizo ambaye hatajwi katika karatasi yoyote ya mzigo. Katika baadhi ya malori hayo, baina ya dereva na utingo wake, hukaa mbwa. Pengine huwa ni paka. Mara moja moja huwa ni kasuku ndani ya tundu, au mtoto wa tumbili aliyefungwa kamba kiunoni. Hakuandikwa popote, hakupimwa mizani, wala hakuna afisa anayemwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi.

Msomaji wa visiwani ataweza kuuliza: Yanatuhusu nini sisi mambo ya mbwa wa Karagwe? Kwetu hakuna lori liendalo Murongo, na wengi wetu hata mbwa hatufugi. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Lakini kwanza tuwatendee haki madereva wenyewe, kwani si uungwana kumhukumu mtu kabla hujasikia hoja yake.

Kwa nini dereva hufuga

Kazi ya udereva wa masafa marefu ni kazi ya upweke. Dereva huondoka nyumbani mtoto hajatambaa, akarudi amekwisha simama dede. Hulala ndani ya gari, hula kwa mama lishe asiyemjua, na hungoja siku kadhaa mpakani mpaka karatasi zake zikamilike. Mnyama anayemfahamu, anayefurahi kumwona asubuhi, humwondolea mtu unyonge ambao mshahara hauuondoi.

Sababu ya pili ni ulinzi. Mwizi wa barabarani hamngojei dereva alale usingizi wa pono. Hukata turubai, hunyonya dizeli, hufungua betri. Mbwa mmoja mwenye kubweka huwashinda walinzi wawili wenye usingizi. Mapori ya Kagera nayo yana historia yake: zilikuwapo nyakati ambazo magari yaliyapita kwa msafara, yakisindikizwa na askari wenye silaha kwa hofu ya majambazi. Mtu aliyeonja hofu hiyo hawezi kulaumiwa kwa kutaka sikio la ziada usiku.

Sababu ya tatu ni biashara na udugu. Dereva huombwa na jamaa wa mjini amletee mbwa wa kulinda nyumba, au paka wa kukamata panya ghalani. Anaona kuwa ni hisani ndogo, kwani nafasi ipo na mnyama hana uzito. Hisani hiyo ndogo ndiyo tutakayoitazama kwa makini zaidi.

Na wala jambo hili si geni katika ardhi ya Karagwe. Kabla ya lori ulikuwapo msafara. Wafanyabiashara wa Pwani na Unguja walikuwa na kituo chao Kafuro, katika ufalme wa Karagwe, na Mfalme Rumanyika aliwapokea Speke na Grant mwaka 1861. Stanley naye, alipoondoka Pwani kwenda bara mwezi wa Novemba 1874, alifuatana na mbwa watano aliotoka nao Uingereza. Hapana hata mmoja aliyeimaliza safari. Wa mwisho wao, aliyeitwa Bull, alikufa mwaka 1876 baada ya msafara kuondoka Karagwe. Tangu zamani, basi, mnyama amekuwa mwenzi wa msafiri katika njia hizi, na tangu zamani yeye ndiye mwenye kulipa gharama ya safari ambayo hakuichagua.

Maradhi hufuata barabara

Hatari kubwa tunayoisema ni kichaa cha mbwa. Virusi vya maradhi haya hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na humwingia mtu kwa kuumwa, kwa kuparurwa, au mate yanapogusa kidonda. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, tiba haipo. Karibu kila mgonjwa hufa. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo, walio wengi mno wakiwa Afrika na Asia, na katika vifo karibu vyote chanzo ni mbwa. Wanaoumwa sana ni watoto, kwani mtoto hucheza na mbwa asiyemjua, na akiumwa kidogo huficha kwa kuogopa kugombwa.

Sasa tutazame lori linaingiaje hapa. Mbwa aliyeambukizwa haugui siku ile ile. Maradhi hujificha mwilini kwa majuma, mara nyingi kwa miezi. Katika muda huo hula vizuri, hubweka vizuri, na macho yake ni maangavu. Mbwa huyo akibaki kijijini Nkwenda, ataugua Nkwenda, na madhara yake yatakuwa ya vijiji vya jirani. Mbwa huyo akipanda lori, kwa siku tatu nne atakuwa Dodoma au Dar es Salaam, naye ataugulia huko, katika mtaa ambao haukutazamia. Miguu ya mbwa mgonjwa haifiki mbali. Magurudumu hufika popote.

Haya si maneno ya kubuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu Moroko, Algeria na Tunisia ulifuatilia nasaba ya virusi vya kichaa cha mbwa katika nchi hizo. Ulionyesha kwamba kuenea kwa maradhi kulilingana zaidi na urefu wa barabara kuliko na umbali wa moja kwa moja baina ya mahali na mahali, na kwamba mwenye kuyasafirisha masafa marefu ni binadamu. Yaani hakukuwa na siri: mtu alimpakia mbwa garini, na virusi vikapanda naye.

Somo la Pemba

Hapa ndipo tunapomjibu ndugu yetu wa visiwani. Pemba imezungukwa na bahari pande zote. Mbwa haogelei kutoka Tanga mpaka Wete. Kwa hivyo mtu angedhani kwamba kisiwa kama hicho, kikishajisafisha na maradhi, kitabaki safi daima.

Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa kisiwani humo kuanzia mwaka 2010 hadi 2020 walikuta minyororo mitano ya maambukizo ikizunguka kwa wakati mmoja. Kampeni ya kuwachanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka ilipoanzishwa na kuimarishwa, minyororo yote mitano ilikatika, na kufikia mwezi wa Mei 2014 maradhi yalikuwa yametoweka. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa wananchi na wataalamu wao.

Lakini baada ya ushindi ukaja usingizi. Chanjo ikalegezwa. Mwishoni mwa mwaka 2016 kichaa cha mbwa kikaingia tena Pemba, tena si mara moja bali kwa milango miwili mbalimbali. Ilibidi kampeni ya chanjo irejeshwe kisiwa kizima, na mlipuko huo haukuzimika mpaka mwezi wa Oktoba 2018.

Tunaomba kila kiongozi ayapime maneno hayo. Bahari haikuwa ukuta. Kuna chombo kilichovuka. Mbwa apandaye lori Kagera leo, kesho aweza kuwa katika gati au bandari bubu ya Pwani, na keshokutwa aweza kuwa ndani ya jahazi. Mnyororo wa usafiri ni mmoja: dereva huukabidhi kwa nahodha, na nahodha huukabidhi kwa mwenye nyumba. Mwananchi wa Micheweni asiyefuga mbwa wala kumgusa hana kinga ya ziada, kwani mbwa mwenye kichaa hachagui dini wala kabila la mtu wa kumwuma.

Visiwa vingine vya dunia vimelipia somo hilo hilo. Uingereza ilikwisha kuyafuta maradhi haya, nayo yakarudi mwaka 1918 kwa mbwa walioletwa na wanajeshi waliorejea kutoka vitani; nchi haikusafika tena hadi mwaka 1922. Kisiwa cha Flores, huko Indonesia, hakikukijua kichaa cha mbwa mpaka mwaka 1997, pale walipoletwa mbwa kwa mashua kutoka upande wa Sulawesi. Watu wengi walikufa. Katika hali zote hizo aliyemleta mbwa hakuwa adui. Alikuwa ni mtu aliyempenda mnyama wake, au aliyemfanyia mwenziwe hisani.

Kasuku na tumbili

Kuhusu wanyama wa porini, maneno yetu ni machache na hayana mlango wa nyuma. Karagwe na Kyerwa zimejaliwa hifadhi mbili za taifa zilizotangazwa mwaka 2019, nazo ni Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Mtoto wa tumbili anayeuzwa kando ya njia amenyang'anywa mama yake, na mara nyingi mama huyo ameuawa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, haimruhusu mtu kujichukulia mnyama wa porini bila ya kibali. Ama kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, biashara ya kimataifa ya ndege hao waliokamatwa porini imepigwa marufuku tangu Januari 2017.

Zaidi ya sheria kuna afya. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika mji wa Marburg, Ujerumani, na katika miji ya Frankfurt na Belgrade, waliugua maradhi yasiyojulikana baada ya kushughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua na saba wakafa, na maradhi yakapewa jina la mji huo. Mkoa wa Kagera wenyewe umepambana na Marburg mara mbili: mwaka 2023 katika Wilaya ya Bukoba, na mwaka 2025 huko Biharamulo. Hatusemi kwamba milipuko hiyo ya Kagera ililetwa na tumbili wa kufugwa. Wataalamu humtaja popo alaye matunda kuwa ndiye hifadhi ya virusi hivyo. Tunasema tu kwamba mnyama wa porini si mwanasesere wa kuchezea garini.

Haki ya mnyama

Lipo pia suala la huruma. Wengi wetu tulipokuwa wadogo chuoni tulisimuliwa na walimu wetu habari za mtu aliyemtekea maji mbwa mwenye kiu, na za mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa. Tulifundishwa kwamba wote wawili walilipwa kwa walilolitenda. Sheria ya nchi nayo imefuata njia hiyo: Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inayokataza ukatili.

Ukatili wa barabarani mara nyingi hutokana na kutojua. Dereva hufunga vioo, huteremka kwenda kula, na mbwa hubaki ndani. Siku yenye joto la nyuzi 24 tu, joto la ndani ya gari lililofungwa juani huweza kupanda kwa nyuzi kumi zaidi katika dakika kumi. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama mtu. Hujipoza kwa kutweta. Hewa ikishakuwa ya moto, kutweta hakumfai kitu. Wako pia wanaomfunga mbwa kwa kamba juu ya shehena, akiruka ananyongeka. Wako wanaomwacha njiani akishaugua, wakidhani wamejiepusha na mzigo, kumbe wamelitwika kijiji kingine mzigo huo. Na mnyama aachiwaye huru ndani ya gari aweza kujipenyeza chini ya miguu ya dereva, penye breki. Kwenye miteremko ya Karagwe hilo si jambo la mzaha.

Nini kifanyike

Wako watakaosema dawa ni kupiga marufuku wanyama wote ndani ya malori. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Marufuku isiyokuwa na msimamizi humfundisha mtu kuficha. Mbwa atahamishwa kutoka kitini hadi chini ya turubai, na hapo hata yule bwana mifugo mwenye nia njema hatamwona. Huko Marekani makampuni mengi ya malori humruhusu dereva kuwa na mbwa au paka wake, kwa masharti yaliyoandikwa na kwa cheti cha chanjo. Kinachotakiwa ni kwamba abiria huyu awe na cheti.

Kwanza, dereva. Ndugu dereva, kabla hujampandisha mbwa wako, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe, kisha umngojee, kwani kinga haipatikani siku ya sindano. Kadi yake iweke pamoja na leseni yako. Mwekee maji, mfunge kwa ukanda au mtie tunduni, wala usimfungie juani. Na jamaa akikuomba umletee mbwa, mwulize kadi kabla hujauliza nauli. Asiyekuwa na kadi asipande.

Pili, waajiri. Mwenye malori asijifanye haoni. Aandike kanuni zake: nani anaruhusiwa kuchukua mnyama, wa aina gani, na kwa masharti gani. Kanuni iliyoandikwa humlinda dereva mwaminifu na humfichua mzembe.

Tatu, Serikali. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 imekwisha kuipa Serikali uwezo wa kudhibiti uhamishaji wa wanyama ili kuzuia maradhi. Kinachopungua ni jicho. Malori husimama mizanini, husimama Murongo, Mutukula na Rusumo. Mahali lori linapokaguliwa mzigo, haishindikani kuuliza pia kadi ya mbwa. Tena penye maegesho makubwa kama Omurushaka, bwana mifugo anaweza kuweka meza yake ya chanjo siku zinazojulikana, kwani dereva aliyekwisha kusimama ni rahisi kufikiwa kuliko dereva anayekimbizwa. Wataalamu wanatufundisha kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, maradhi hukosa njia ya kupita. Kazi hiyo ifanywe kila mwaka, maana watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka. Pemba imetuonyesha thamani ya mwaka mmoja wa uvivu.

Nne, visiwani. Masheha, wavuvi na manahodha wafahamishwe kwamba mbwa ashukaye bandarini au katika bandari bubu bila ya cheti ni jambo la kutolewa taarifa siku hiyo hiyo. Si uchongezi huo. Ni kuwalinda watoto wa jirani na wako pia.

Tano, hospitali. Mtu akiumwa, kwanza kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila ya kungoja kuona kama mbwa atakufa. Chanjo ya binadamu hutolewa kwa dozi kadhaa katika siku zilizopangwa, na asizikatize. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa, dunia imekuwa na njia ya kumwokoa mtu aliyeumwa kabla ya dalili kuonekana. Ni aibu kwetu sote mkulima wa Kyerwa kufikishiwa mtoto wake hospitali ya wilaya na kuambiwa dawa imekwisha, au kutakiwa fedha ambazo hana, wakati chanjo ya mbwa ambayo ingezuia yote hayo ni rahisi mara nyingi zaidi.

Mataifa yamejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asife tena binadamu kwa kichaa cha mbwa kitokanacho na mbwa. Miaka iliyobaki inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Lengo hilo halitafikiwa katika mikutano peke yake. Litafikiwa Omurushaka, pale dereva atakapoulizwa kadi na akaitoa. Na litafikiwa Wete na Mkoani, pale nahodha atakapomkataa mbwa asiyekuwa nayo. Kwa maafisa wa mifugo, wa afya na wa bandari wanaosoma ukurasa huu, twasema bila ya kigugumizi: kulifanya swali hilo kuwa desturi hakuhitaji sheria mpya. Kunahitaji mtu wa kuliuliza, na kuliuliza kila siku.